Vitabu vya mkasi: namna ya kukusanya vitabu vya zamani vya watoto vya roketi za karatasi, ukiwa Tabora au Kigoma

Karanga za mia tano ndizo zilizoniingiza katika jambo hili. Nilikuwa stesheni ya Tabora nasubiri treni ya Kigoma, nikanunua kwa mama mmoja aliyezifunga kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi ili niitupe, nikaona mistari ya nukta, namba 14 ndani ya duara, na nusu ya bawa jekundu lenye ulimi mdogo wa kupakia gundi. Nikarudi mbio.

"Mama, shikamoo. Karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Marahaba. Kwa kijana anayeuza magazeti ya kilo huko sokoni. Kwani zina nini?"

"Zimebaki ngapi?"

Akainua sinia. Zilikuwa mbili. Akanipa bure, nami nikamnunulia karanga nyingine nikamwomba azifunge kwenye gazeti.

Karatasi zile tatu ninazo mpaka leo. Ni za kitabu cha Kirusi cha kukata na kubandika, na vipande vilivyomo ni vya roketi ambayo kichwa chake sijawahi kukiona. Kurasa nyingine zote zilipanda treni pamoja na karanga, zikatupiwa dirishani mahali fulani kati ya Urambo na Uvinza. Tangu siku hiyo nakusanya vitabu vya aina hii, na kwa kuwa watu huniuliza waanzie wapi, nimeandika hapa ninavyofanya mwenyewe, pamoja na hasara nilizokwisha kulipia ili wewe usizilipie tena.

Mimi naviita vitabu vya mkasi. Kitabu cha hadithi kikisomwa mara mia kinabaki kitabu. Kitabu cha mkasi kikitumiwa ipasavyo mara moja tu, kimekwisha. Ndiyo maana ni adimu hata pale vilipochapwa kwa maelfu. Kila nakala nzima unayoikuta leo ilikuwa ya mtoto aliyekosa mkasi, au ya mtoto ambaye mzazi wake alikipandisha juu ya kabati akamwambia, "Subiri ukue."

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Aina ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ni ya kukata kwa mkasi. Ndani mna karatasi nene zenye vipande vilivyopigwa namba, mistari mizima ya kukata, mistari ya nukta ya kukunja, na zile ndimi za gundi. Wajerumani wameizoea kazi hii kwa muda mrefu. Nyumba ya uchapaji ya J. F. Schreiber ilianzishwa Esslingen mwaka 1831, na karatasi zake za kukata zinatafutwa mpaka leo. Mwaka 1957, mwaka uleule Warusi waliporusha Sputnik 1, satelaiti ya kwanza duniani, Poland ilianza kutoa jarida la Mały Modelarz, ambalo toleo zima ni chombo kimoja cha kujenga kwa karatasi. Mwaka huohuo Czechoslovakia ikaanza jarida la vijana liitwalo ABC, nalo likawa na kurasa za kukata. Majarida haya nayahesabu pamoja na vitabu, kwa sababu mtoto aliyeyashika hakujali tofauti.

Aina ya pili ni ya kubofya. Vipande vimekwisha kutobolewa vitundu pembeni kiwandani, unavisukuma kwa kidole vinatoka. Waingereza na Wamarekani walitoa vingi vya namna hii. Ubaya wake ni kwamba vipande huchomoka vyenyewe na kupotea, hata kama hakuna mtoto aliyekigusa kitabu.

Ya tatu ni vitabu ambavyo ukifungua ukurasa picha inasimama. Bingwa aliyenivutia ni Vojtěch Kubašta wa Prague, msanifu majengo aliyegeukia vitabu vya watoto. Kazi zake ziliuzwa nje kupitia shirika la Artia la Czechoslovakia, na miongoni mwake kimo kimoja cha roketi ya kwenda mwezini. Ukikipata na roketi bado inasimama wima, usikiache.

Ya nne haina wapenzi wengi: vitabu vya kazi za mikono vinavyomfundisha mtoto kutengeneza chombo cha anga kwa boksi la dawa ya meno, viberiti na bomba la karatasi. Ni vya bei ndogo, na kwa mkusanyaji anayeanza hapa kwetu ndivyo rahisi kupatikana vikiwa vizima, kwa kuwa havikukatwa.

Hatua ya pili: chagua kona yako

Ukisema unakusanya kila kitu chenye nyota na roketi, utachoka na nyumba itajaa. Chagua nchi moja, au aina moja ya chombo, au miaka fulani.

Mimi kona yangu ni vyombo vilivyoigusa Afrika Mashariki, na watu wengi hushangaa kusikia vipo. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1964 Wamarekani walikuwa na kituo Zanzibar cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kurusha watu angani, kwa hiyo kila kitabu chenye kile chombo kidogo chenye umbo la kengele nakinunua. Na tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kupima miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee ina jina la Kiswahili, na ningelipa vizuri sana kwa ukurasa wa kukata wenye Uhuru. Bado naitafuta.

Hatua ya tatu: tafuta nyumbani kabla ya kwenda mtandaoni

Usidhani mji wa bara kama Tabora hauna vitu hivi. Tabora ni mji wa shule na wa misheni. Wamisionari wa White Fathers walikuwa na kiwanda chao cha uchapaji Kipalapala, na nyumba za mapadre, masista na walimu wa zamani zina makabati ambayo hayajafunguliwa kwa miaka. Wapo wazee waliosoma Urusi, Ujerumani Mashariki au Czechoslovakia wakarudi na masanduku ya vitabu, na humo ndani huwa kimo kimoja alichomletea mtoto. Vilevile nyumba za uchapaji za Progress na Raduga za Moscow zilichapa vitabu kwa Kiswahili, na palipo na hivyo mara nyingi utakuta na vingine vya Kirusi vilivyokuja navyo.

Kigoma ina mlango mwingine, nao ni ziwa. Boti zinazotoka Burundi na Kongo huleta watu na mizigo, na katika mizigo hiyo hupatikana vitabu vya Kifaransa. Wafaransa wana mila ndefu ya karatasi za kukata. Nyumba ya Pellerin ya Épinal ilianza mwaka 1796. Nimekuta majarida ya watoto ya Kifaransa kwa wauza mitumba wa Mwanga yakiwa chini kabisa ya rundo, yamewekwa ili nguo zisiguse sakafu.

Anza na wauza magazeti ya kilo. Hao ndio mto unaopitisha kila kitu. Jitambulishe, waonyeshe picha kwenye simu, acha namba yako. Waambie unalipa zaidi ya bei ya kilo kwa chochote chenye roketi, mistari ya nukta na picha ya mkasi. Mimi hulipa kati ya shilingi 1,000 na 5,000 kwa kitabu, na vijana wawili sasa hunipigia kabla hawajawauzia wafunga maandazi.

Kwa wazee nenda kwa heshima na usiende mara moja tu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Isevya nilimtembelea mara tatu. Mara ya kwanza tuliongea habari za mvua. Mara ya pili akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe hasa unataka nini?" Nikamweleza. Akacheka sana, akasema vitu hivyo si vya mtu mzima. Mara ya tatu nikakuta bahasha ya khaki juu ya meza. Alikuwa amekificha kitabu kile wanawe wasikikate, nao sasa wana wajukuu.

Hapa nina msimamo. Mwambie mwenye kitabu ukweli kuhusu kile alichonacho. Ukijua kwamba huko nje kinauzwa kwa fedha nyingi, sema. Wengi watakupa kwa bei ndogo vilevile, kwa sababu wanafurahi kwamba kuna mtu anakithamini, lakini utalala usingizi mzuri. Na ukiona muhuri wa maktaba au wa shule, usinunue mpaka uone alama kwamba kimeondolewa rasmi katika orodha yao, au uzungumze na wenyewe.

Hatua ya nne: hesabu vipande kabla ya kutoa hela

Hatua hii ndiyo inayomtenganisha mkusanyaji na mnunuzi. Jalada linaweza kung'aa na ndani pasiwe na kitu.

Kaa chini, omba dakika kumi. Tafuta kwanza ukurasa wa maelekezo, kwa kuwa huko ndiko kuna mchoro wenye namba zote. Angalia namba ya juu kabisa, tuseme 46. Kisha pitia karatasi moja moja ukitafuta 1, 2, 3 mpaka 46. Andika kwenye simu zile zinazokosekana. Kumbuka kwamba vipande vinavyofanana, kama mapezi manne ya roketi, mara nyingi hupewa namba moja yenye herufi, 12a mpaka 12d, kwa hiyo kuona 12 mara moja hakutoshi. Na vipande vidogo sana, kama antena na ngazi, hujificha katikati ya vikubwa. Vipande hivyo vidogo ndivyo watoto walivyopenda kuvikata kwanza.

Baada ya namba, hesabu karatasi kwenye mshono. Fungua katikati mahali penye pini. Karatasi iliyokunjwa huwa na upande wa kushoto na wa kulia. Ukiona upande mmoja unakosa mwenzake, kuna ukurasa uliochanwa. Pitisha kidole kwenye mkunjo, utakisikia kile kikingo cha karatasi kilichobaki.

Nilijifunza hili kwa machungu. Nilinunua kwa njia ya mtandao kitabu cha kituo cha anga, picha zikaonyesha jalada safi na kurasa mbili nzuri. Kilipofika kilikuwa na kurasa hizo mbili tu na jalada. Muuzaji hakuwa amedanganya, sikuwa nimeuliza. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni lilelile: zipo karatasi ngapi, na kipande cha mwisho ni namba ngapi?

Kitabu pungufu kisikukatishe tamaa, mradi bei iwe ya kitabu pungufu. Nakala mbili pungufu zinaweza kufanya moja kamili, na ukurasa mmoja peke yake bado una rangi na mchoro wa mtu aliyejaribu kumweleza mtoto jinsi ya kwenda mwezini.

Hatua ya tano: kitambue umri wake

Vitabu vya watoto mara nyingi havina mwaka wa kuchapwa mahali pa wazi. Lakini ushahidi upo wa aina mbili, ule wa uchapaji na ule wa anga lenyewe.

Tuanze na uchapaji. Vitabu vya Kisovieti vina kifungu cha maandishi madogo, kwa kawaida ukurasa wa mwisho au nyuma ya jalada. Hata kama hujui Kirusi, tafuta neno Тираж: tarakimu zinazofuata ni idadi ya nakala zilizochapwa, nazo mara nyingi ni laki na zaidi. Karibu na hapo utaona mwaka, na bei yenye herufi коп. au к., yaani kopeki. Kitabu cha Uingereza chenye bei kama 2/6, yaani shilingi mbili na peni sita, ni cha kabla ya tarehe 15 Februari 1971, siku walipoacha hesabu ya shilingi na peni za zamani. Baada ya hapo bei ina herufi p. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, ya tarakimu kumi ilianza mwaka 1970, na ya tarakimu 13 ikaanza kutumika mwaka 2007, kwa hiyo mtu akikuuzia "kitabu cha enzi za Apollo", yaani za Wamarekani kwenda mwezini, chenye ISBN ya tarakimu 13, hicho ni chapa mpya. Jina la nchi nalo linasema: Czechoslovakia iliisha mwishoni mwa mwaka 1992, Ujerumani Mashariki mwaka 1990, na Umoja wa Kisovieti Desemba 1991.

Ushahidi wa anga ndio unaonifurahisha zaidi, kwa sababu wachoraji walichora walichokijua siku hiyo. Yuri Gagarin alizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961 ndani ya Vostok 1, lakini sura halisi ya Vostok ilifichwa mpaka mwaka 1965. Kwa hiyo Vostok iliyochorwa na mapezi na pua kali kama mshale ina kila dalili ya kuwa ya kabla ya hapo, maana sehemu aliyokaa rubani ilikuwa tufe. Mirihi yenye mifereji ni ya kabla ya Julai 1965, chombo cha Wamarekani cha Mariner 4 kilipopiga picha za kwanza za karibu na kuonyesha mashimo matupu. Zohali ikiwa sayari pekee yenye pete, elekea kabla ya 1977, mwaka zilipogunduliwa pete za Uranus. Sayari zikiwa tisa ni kabla ya Agosti 2006, ingawa hili halisaidii sana.

Kuna mawili ninayoyapenda kipekee. Lile tangi kubwa la mafuta la Columbia, chombo cha Wamarekani kilichoruka na kurudi kama ndege, lilipakwa rangi nyeupe katika safari mbili za kwanza tu, zote za mwaka 1981. Kuanzia safari ya tatu, Machi 1982, waliacha rangi ili kupunguza uzito, likabaki la kahawia yenye wekundu. Ukikuta chombo cha karatasi chenye tangi jeupe, unashika mchoro wa siku za mwanzo kabisa. La pili ni Skylab, kituo cha anga cha Wamarekani kilichorushwa Mei 1973. Bawa lake moja kubwa la kunasa nguvu ya jua lilinyofoka wakati wa kuruka. Kwa hiyo Skylab ya karatasi yenye mabawa makubwa mawili ubavuni ni ile iliyokusudiwa, na yenye moja ni ile iliyofanya kazi kweli.

Tahadhari moja: mchoro wa zamani unaweza kuchapwa upya miaka ishirini baadaye. Anga hukuambia mchoro ulichorwa lini. Uchapaji ndio unaokuambia nakala iliyo mkononi mwako ni ya lini. Tumia vyote viwili.

Hatua ya sita: ukinunua kutoka nje

Hapa nitapita haraka. Tafuta kwa lugha ya kitabu: Bastelbogen kwa Kijerumani, vystřihovánka kwa Kicheki, model kartonowy kwa Kipolandi, maquette à découper kwa Kifaransa. Ukitafuta kwa Kiingereza peke yake utashindana na dunia nzima na bei itakuwa juu. Lipa kwa kadi ya mtandaoni ya benki au ya kampuni ya simu, weka humo kiasi cha ununuzi huo tu. Uliza gharama ya usafirishaji kabla ya kukubali bei, maana mara nyingi inazidi bei ya kitabu, na omba kitabu kiwekwe katikati ya kadibodi mbili ndani ya nailoni. Bahasha isiyo na kadibodi hukunjwa, na mkunjo katika karatasi nene hautoki tena.

Hatua ya saba: kilinde na mchwa, mvua na mapenzi yako mwenyewe

Niliweka boksi langu la kwanza sakafuni, limeegemea ukuta wa tofali za udongo, nyumba niliyopanga Ng'ambo. Nikasafiri wiki mbili. Niliporudi boksi lilikuwa palepale na jalada la kitabu cha juu halina doa. Nilipolinyanyua likawa jepesi kama ganda la karanga. Mchwa waliingia kwa chini, wakala ndani yote, wakaacha juu.

Sasa vitabu vyangu viko kwenye rafu ya chuma, kiganja kimoja kutoka ukutani, miguu yake juu ya matofali. Kila Jumamosi nachungulia nyuma na tochi natafuta zile njia za udongo. Vinalala chali, havisimami, kwa sababu karatasi nene ikisimama hujipinda. Kila kimoja kina bahasha yake ya karatasi, na maelezo nayaandika kwa penseli juu ya bahasha, si juu ya kitabu.

Tabora kiangazi ni kikavu, karatasi huwa dhaifu ikikunjwa. Usilazimishe kitabu kufunguka kabisa. Kigoma tatizo ni unyevu wa ziwa na mvua za Novemba mpaka Aprili, na hapo ndipo ukungu hupata nafasi. Nailoni iliyofungwa kabisa hufungia unyevu ndani, kwa hiyo usiitumie kwa kuhifadhi. Weka vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu, na siku kavu fungua maboksi asubuhi, kivulini. Jua huua ukungu lakini huua na rangi nyekundu. Ukungu ukishatokea, kitenge kitabu, kiache kikauke, kisha ukifute nje ya nyumba kwa brashi laini ukiwa umefunga pua.

Kitabu kilichotoka kwenye rundo la mitumba usikiweke moja kwa moja na vingine. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Wadudu na mayai yao hufa. Ukikitoa usikifungue mpaka kesho yake, ili umande ubaki juu ya nailoni na si kwenye karatasi. Kama friza ni ya jirani anayeuza migebuka, mifuko iwe mitatu.

Pini zilizoshika kutu ziondoe. Zinyanyue miguu kwa kisu butu kutoka katikati ya kitabu, zichomoe taratibu, kisha ushone matundu yaleyale kwa uzi wa pamba. Usivute.

Na sasa mapenzi. Usibandike solotepu popote, hata kwa mchaniko mdogo. Baada ya miaka michache gundi yake hugeuka kahawia na kupenya upande wa pili. Na tafadhali usikipeleke steshenari kupigwa lamination kama cheti cha kidato cha nne. Ukurasa ukishaingia kwenye ile plastiki ya moto hautoki tena. Nimeletewa ukurasa wa namna hiyo, roketi nzuri ya rangi ya fedha, aliyeifanya hivyo akiamini anaitunza.

Hatua ya nane: nakili, kisha ujenge nakala

Wapo wakusanyaji wanaofunga vitabu na kutovigusa. Sikubaliani nao. Kitabu hiki kiliandikwa ili mikono ya mtoto ifanye kazi, na kukijua bila kukijenga ni kama kuijua pilau kwa kusoma mapishi. Ila mkasi uingie kwenye nakala, kamwe usiingie kwenye kitabu chenyewe.

Ukienda kupiga fotokopi, kaa hapo hapo kwenye mashine. Mwambie fundi asikandamize mgongo wa kitabu, na mashine iwekwe asilimia 100, isijipimie yenyewe ili picha iingie kwenye karatasi. Mashine ikipunguza ukurasa mmoja kwa asilimia tatu na mwingine isipunguze, duara la kipande 7 halitaingia kwenye kipande 8 hata ufanyeje. Chukua rula, pima mstari wa sentimita 10 kwenye kitabu, upime uleule kwenye nakala, kabla ya kuruhusu ukurasa wa pili.

Karatasi ya ofisini ya gramu 80 ni laini mno kwa mwili wa roketi. Omba ya gramu 160. Kama mashine haiipitishi, bandika nakala juu ya manila na uiache chini ya vitabu vizito usiku kucha. Karatasi yoyote ina mwelekeo wake: ikunje kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, utasikia upande mmoja unakubali kirahisi. Bomba la roketi lijiviringe kufuata upande huo. Mistari ya nukta ipitie kwa kalamu iliyokwisha wino, ukiongozwa na rula, ndipo ukunje. Gundi nyeupe ya mafundi seremala inatosha. Chovya njiti ya kiberiti, paka kidogo kwenye ulimi, subiri mpaka ianze kunata, ndipo ubandike.

Bomba ni rahisi. Koni inahitaji subira, na tufe ndilo mtihani. Tufe la Vostok lilikuwa na kipenyo cha mita 2.3, kwa kipimo cha 1:25 linakuwa sentimita 9 na kidogo, kama chungwa kubwa, na hutengenezwa kwa vipande vilivyochongoka ncha mbili kama maganda ya chungwa hilo. Bandika kipande kimoja kimoja kutoka katikati kwenda kwenye ncha, na ncha zote zifungwe mwisho kwa kiduara kidogo. Anza na kitu kingine kama hujawahi.

Kama huna kitabu bado na unataka kuzoeza mikono, NASA, shirika la anga la Marekani, huweka mtandaoni bure michoro ya kukata ya baadhi ya vyombo vyake, Voyager ikiwemo. Ni mipya, haihesabiki katika mkusanyiko, lakini inafundisha vidole.

Jumapili watoto wa jirani huja barazani na nakala nyeusi na nyeupe nilizowapigia, wanazipaka rangi wenyewe. Zile karatasi tatu za karanga nimewapa nakala zake pia. Mtoto wa miaka tisa aliuliza kichwa cha roketi kiko wapi, nikamwambia hakijapatikana. Akachukua kipande cha manila, akapima mdomo wa bomba kwa uzi, akachora koni yake, akaikata kubwa kuliko inavyotakiwa, akaipunguza mara mbili mpaka ikakaa. Nimeiweka ndani ya bahasha pamoja na kurasa zile tatu, nimeandika kwa penseli: kipande kisicho na namba, Tabora.